Kutembea Uskoti mkiwa wawili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mimi na wifi yangu tulipoizunguka Uskoti pamoja, ndugu na marafiki hawaachi kuniuliza, hasa likizo inapokaribia. Wengine wanataka kwenda na mume au mke, wengine na mama, wengine na rafiki wa tangu shule. Haya ndiyo wanayoniuliza zaidi.

Uskoti ina viza yake peke yake?

Hapana. Uskoti ni sehemu ya Uingereza kwa mambo ya uhamiaji, kwa hiyo mnaomba viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza, inayoruhusu kukaa hadi miezi sita. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haiwafikishi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman wao huomba kibali cha kielektroniki mtandaoni, na ni kazi nyepesi zaidi.

Kila mtu anaomba ya kwake, hata mkiwa mke na mume. Kama mmoja ndiye anayelipia safari nzima, lisemeni hilo waziwazi kwenye maombi yote mawili na muoneshe pesa inatoka wapi. Ratiba zenu zifanane: tarehe zilezile, hoteli zilezile. Ukishafika London unaweza kupanda treni hadi Edinburgh bila kuoneshana pasipoti na mtu, ila si lazima kupitia London. Kuna ndege kutoka Doha hadi Edinburgh, na kutoka Dubai hadi Glasgow.

Tutenge siku ngapi?

Watu wengi huniambia wana siku nne na wanataka Edinburgh, ziwa la Loch Ness, kisiwa cha Skye na Glasgow. Nawajibu kwamba watakachokiona ni dirisha la gari. Kwenye ramani nchi inaonekana ndogo, lakini barabara za kaskazini magharibi hupinda kufuata maziwa na milima. Kutoka Edinburgh hadi Portree, mji mkubwa wa Skye, ni zaidi ya saa tano za kuendesha, na hapo hujasimama hata kunywa chai. Na kule kusimama ndiyo safari yenyewe.

Mkiwa na siku nane, ningewapangia hivi. Mlale siku mbili Edinburgh. Ya tatu mtoke mapema, msimame Stirling, mpite bonde la Glencoe, jioni mfike Fort William na mkae hapo siku mbili. Kisha mwende Mallaig mkavuke kwa kivuko hadi Skye, mlale siku mbili. Mrudi kwa daraja la Skye, mpite kando ya Loch Ness hadi Inverness, na kesho yake mtazame uwanja wa vita wa Culloden kabla ya kushuka kusini. Mkiwa na siku nne tu, acheni Skye kabisa. Edinburgh, Stirling na siku moja Glasgow zitawatosha, na mtakula chakula chenu mmetulia.

Gari la kukodi au treni?

Inategemea mwenzako anapenda kuendesha au la. Kwetu sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda kuna nafuu moja kubwa: Waskoti huendesha kushoto na usukani uko kulia, kama nyumbani. Leseni yako halali itakubaliwa kwa ugeni usiozidi miezi 12, ingawa kampuni za kukodisha huweka masharti yao kuhusu umri na kadi ya benki. Vipilefti ni vingi mno. Tangu 2014 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva ni cha chini kuliko England, na polisi wa Uskoti hawana mchezo na jambo hilo. Anayeendesha asionje chochote.

Jambo geni litakuwa barabara za njia moja za kule milimani na visiwani. Lami inatosha gari moja, na magari ya pande zote mbili yanaitumia. Kila baada ya umbali mfupi kuna sehemu imepanuliwa ili mpishane. Ikiwa sehemu hiyo iko kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa iko kulia, usikate kwenda huko. Simama palepale ulipo, mwenzio ndiye aingie. Gari la nyuma yako likiwa na haraka, lipishe. Kisha mpungiane mkono, kila mara, hata kama umemchukia kidogo. Na msiegeshe hapo kupiga picha, kwa sababu mtu wa kwenye gari linalofuata huenda ni daktari au mkunga wa kijiji.

Treni nayo ina raha yake, na mkiwa wawili kuna kadi ya punguzo inayotolewa kwa watu wawili wanaosafiri pamoja. Inabeba majina na picha zenu wote wawili na inapunguza theluthi moja ya nauli nchini kote. Masharti ni kwamba muwe pamoja safari nzima, na kwamba Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Safari moja au mbili ndefu huirudisha gharama yake.

Kama mtapanda treni moja tu, iwe ile ya kutoka Glasgow hadi Fort William na kuendelea hadi Mallaig. Reli ilifika Fort William mwaka 1894 na Mallaig mwaka 1901. Katikati inavuka Rannoch Moor, kinamasi kikubwa kisicho na mti wala nyumba. Wajenzi walikuta mboji laini inayomeza kila walichoweka, wakaamua kulaza matita ya matawi, udongo na majivu hadi reli ikakaa juu yake, na mpaka leo imekaa. Mle ndani mnasikia treni inapunguza mwendo, watu wanaacha kuzungumza, na nje ni majani ya rangi ya kutu, vidimbwi vyeusi, na pengine paa dume amesimama anawatazama. Mbele kidogo ni Corrour, stesheni ya juu kuliko zote kwenye njia kuu za reli za Uingereza, mita 408, isiyofikiwa na barabara yoyote ya umma.

Kutoka Fort William kwenda Mallaig kaeni upande wa kushoto. Ndio upande wa ziwa Loch Shiel, na treni inapopinda juu ya daraja la Glenfinnan mtaona matao yake yote 21 ya zege na mabehewa ya mbele yakiwatangulia. Treni ya mvuke inayopita hapo hujaa miezi mingi kabla. Treni ya kawaida hupita juu ya daraja hilohilo kwa nauli ndogo zaidi, na mandhari hayatofautiani.

Edinburgh tuone nini kwanza?

Anzeni na ngome, na tiketi mnunue mtandaoni kabla. Imejengwa juu ya mwamba wa volkano iliyokufa, na kutoka ukutani mnaona bahari. Kila siku saa saba mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mzinga hupigwa pale. Ni desturi ya tangu 1861, ilipokuwa lazima meli zilizoko kwenye ghuba ziweke saa zao sawa. Mwambie mwenzako mapema, maana mlio ni mkubwa na watu hurukwa na roho. Lile Jiwe la Majaliwa, ambalo wafalme hutawaziwa juu yake, halipo tena pale. Tangu 2024 limewekwa katika makumbusho ya mji wa Perth, na kuliona ni bure.

Kutoka ngomeni mteremke kwa miguu ile barabara ndefu ya mawe hadi kasri la Holyrood. Msikae kwenye maduka ya skafu. Ingieni vichochoro vya pembeni, vyembamba na vyenye ngazi. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atajiona yuko mahali anapopajua, ila mawe ni meusi na upepo ni baridi. Makumbusho ya taifa hayana kiingilio, na mvua ikiwashika ndipo pa kukimbilia. Kilima cha Arthur's Seat kina mita 251. Mtu mwenye afya ya kawaida hukipanda bila kuhitaji kiongozi.

Mwezi Agosti mji una matamasha makubwa ya sanaa yaliyoanza 1947, na bei za vyumba hupanda sana. Pia, kwa wanaolala Edinburgh kuanzia tarehe 24 Julai 2026, kuna tozo ya mgeni ya asilimia 5 ya gharama ya chumba, kwa usiku usiozidi tano mfululizo.

Na Glasgow, ina maana kwenda?

Sana. Watu wake ni wachangamfu, hawaachi kuongea na wageni, na makumbusho ya Kelvingrove ni bure. Ipeni walau siku moja nzima.

Kuna kitu huko kinachotuhusu sisi?

Kipo, na naona ajabu vitabu vya wageni vinavyokipita kimya.

Mwalimu Julius Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akapata shahada ya M.A., kisha akarudi Tanganyika kufundisha Pugu. Miaka miwili baadaye ilizaliwa TANU. Majengo ya chuo hicho yamezunguka bustani ya George Square, dakika chache kutoka makumbusho ya taifa. Tuliketi pale kwenye benchi, wanafunzi wakipita na mikoba yao, na wifi yangu, ambaye kwa kawaida hanyamazi, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Na baridi hii yote, alikuwa na koti gani?" Nendeni mkakae hapo. Haina kiingilio.

Mtaani Princes Street kuna sanamu ya David Livingstone, na nyingine iko karibu na kanisa kuu la Glasgow. Lakini pa kwenda hasa ni Blantyre, kama nusu saa kwa treni kutoka Glasgow. Ndipo alipozaliwa mwaka 1813, katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia nzima ikiishi chumba kimoja. Akiwa na miaka kumi alishaanza kazi kiwandani. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, yaliyofunguliwa upya mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa.

Kwetu sisi Livingstone ni Ujiji, ni Stanley, ni mnara na kanisa la Bagamoyo. Alifariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake huko, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi pwani ya Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Nani angewalaumu kama wangemzika na kurudi makwao? Nilifurahi kuona makumbusho ya leo yanawapa Susi na Chuma nafasi yao, wasiwe tena vivuli nyuma ya mzungu. Mkiingia, waulizeni wahudumu habari zao. Maswali ya wageni ndiyo yanayoonesha watu wanataka kujua nini.

Kwa Wakenya wa kanisa la PCEA: kanisa lenu lilitokana na wamisionari wa Kanisa la Uskoti, na kanisa la St Giles lililoko kwenye ile barabara ya mawe ya Edinburgh ndipo alipohubiri John Knox, kiongozi wa matengenezo ya kanisa nchini humo.

Glencoe na Culloden ni vita moja?

Hapana, na ni vizuri kujua kabla hamjafika, kwa sababu bila habari zake mtaona milima na majani tu.

Glencoe ni bonde. Mwaka 1692 ukoo wa MacDonald wa hapo ulichelewa kula kiapo cha utii kwa Mfalme William. Serikali ikatuma askari, wakapokewa kama wageni, wakala na kulala katika nyumba za wenyeji kwa karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 Februari waliamka wakawaua wenyeji wao. Wengine walikufa kwa baridi wakikimbilia milimani. Wenyeji huniambia kwamba damu peke yake haikuwa ndiyo iliyowauma zaidi. Walichokiona kibaya kupita vyote ni mgeni aliyekula chumvi yako kukugeuka. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wetu yeyote.

Culloden ni uwanda karibu na Inverness. Tarehe 16 Aprili 1746, jeshi la Charles Stuart, aliyetaka kurudisha kiti cha enzi kwa ukoo wake, lilishindwa na jeshi la serikali kwa muda usiofika saa moja. Baada ya hapo serikali ilipiga marufuku mavazi ya asili ya watu wa milimani, na marufuku hiyo iliondolewa 1782. Mawe yenye majina ya koo yaliwekwa 1881 juu ya makaburi ya pamoja. Mara nyingi utakuta shada dogo la maua mabichi mbele ya jiwe mojawapo, limewekwa na mjukuu wa mjukuu aliyetoka Kanada au Australia. Msikanyage penye mawe hayo, ni makaburi ya watu.

Lile dude linalosemekana kuishi ndani ya Loch Ness lipo?

Hakuna aliyelithibitisha. Habari zake zilivuma magazetini kuanzia 1933. Ziwa lenyewe linatosha kushangaza: lina urefu wa kilomita 37 na kina cha zaidi ya mita 200, na maji yake ni mengi kuliko ya maziwa yote ya England na Wales yakijumlishwa. Simameni kwenye magofu ya ngome ya Urquhart. Na mkipita Fort Augustus, tazameni mashua zikipandishwa ngazi za maji kwenye mfereji uliofunguliwa 1822. Mimi naona burudani hiyo inashinda kusubiri dude.

Skye kwa siku moja kutoka Inverness?

Inawezekana, ila siipendekezi hata kidogo. Kupanda hadi mwamba wa Old Man of Storr peke yake, kwenda na kurudi, ni saa moja na nusu hadi mbili, na mawingu yakishuka itabidi mngoje yapande.

Twende mwezi gani?

Mei au Septemba. Juni ina mwanga wa saa 17 na zaidi, jambo tamu kwa mtembezi, lakini kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba kuna usubi kule magharibi, hasa jioni zisizo na upepo na karibu na maji. Hawaleti malaria. Wanakera tu, na wanakera kweli. Wavu wa kichwani ni pauni chache na upepo kidogo huwafukuza. Mei mwanzoni hawajachangamka. Desemba mchana una urefu wa kama saa saba tu, mkiamka kwa kujivuta siku imekwisha.

Mvua ni lazima, magharibi zaidi ya mashariki. Mwavuli utavunjwa na upepo siku ya kwanza. Nunueni koti la mvua lenye kofia, na viatu visivyopitisha maji, hata kama mavazi mengine ni ya mtumba.

Chakula cha halali kipo? Na sala?

Edinburgh na Glasgow hamtapata shida. Msikiti mkuu wa Glasgow ulifunguliwa 1984, wa Edinburgh 1998, na migahawa ya halali iko karibu nayo. Mkivuka kwenda milimani mambo hubadilika: tegemeeni samaki na mboga. Ombeni supu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi na maziwa, inayoitwa Cullen skink. Ni nzito, ya moto, na baada ya mvua hakuna kinachoishinda. Haggis, chakula chao cha taifa, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa pamoja na nafaka ya oti, vitunguu na mafuta. Aliyezoea supu ya utumbo hatashtuka. Ipo isiyo na nyama pia, na ninaipenda.

Kiangazi Isha inachelewa mno na Alfajiri inawahi, kwa hiyo fuateni ratiba ya msikiti wa huko badala ya kukisia. Kibla ni kusini mashariki.

Pesa zao ni tofauti?

Ni pauni ileile, ila benki tatu za Uskoti huchapa noti zao. Zinatumika, lakini baadhi ya maduka ya England husita kuzipokea, na mabenki ya nyumbani mara nyingi hayazibadilishi. Zitumieni au mzibadilishe kwa noti za Benki ya Uingereza kabla hamjaondoka. Vyumba hutozwa kwa chumba kuliko kwa kichwa, na hapo ndipo kusafiri wawili kunapookoa fedha nyingi. Plagi za umeme ni zilezile za pini tatu za Kenya na Tanzania.

Mimi na mwenzangu tunapenda vitu tofauti. Tutaelewana?

Ongeeni kabla ya kulipa chochote. Kila mmoja ataje vitu vitatu ambavyo akivikosa atanuna, na hivyo viingie kwenye ratiba bila mjadala. Wifi yangu alitaka makumbusho, duka la sufu na kulala mapema. Mimi nilitaka milima. Fort William tulitengana asubuhi nzima, mimi nikapanda kilima, yeye akaenda kutazama mashua, tukakutana mchana kila mtu ana habari za kumsimulia mwenzake. Kutengana saa tatu si ugomvi. Kinacholeta ugomvi ni njaa, usingizi na ramani, kwa hiyo biskuti ziwe garini na ramani iwe ya mmoja tu kwa siku.

Kama mwenzako ni mzee au ana magoti mabovu, msimwache hotelini. Glencoe inaonekana vizuri kabisa kutoka maegesho ya barabarani, na treni ya Mallaig haimdai hata hatua moja.

Tukipata dharura milimani?

Pigeni 999, muombe polisi, kisha muombe uokoaji wa milimani. Waokoaji ni wa kujitolea na hawatozi. Mtandao wa simu hupotea mabondeni, kwa hiyo pakueni ramani mapema na mwacheni mtu wa nyumba ya wageni anajua mmeelekea wapi na mnarudi saa ngapi. Ben Nevis, mita 1,345, ni mlima wa kweli. Kileleni theluji hukaa hadi mwishoni mwa majira ya kuchipua, na ukungu huko huficha magenge. Mmoja wenu akisema turudi, mnarudi wote wawili.